Mwaka Nilioketi Kiti cha Ayi

Habari ya kifo cha Ayi ilinikuta kwenye foleni ya Mtaa wa Dengfeng. Nyuma yangu kijana mmoja alikuwa kalalia honi kama vile kalipwa, na masikioni kajaza spika za simu, honi yake mwenyewe hata haisikii. Nilikuwa nimeshashusha kioo nimpashe, ndipo ujumbe ukaingia kutoka kwa mwanawe Ayi: "Mama amefariki. Baba anauliza kama utakuja." Nikapandisha kioo nikalia palepale, na yule bwege akaendelea na honi yake mpaka foleni ilipotembea. Ayi kwa Kichina ni kama shangazi; mwanamke yeyote aliyekuzidi umri unamwita hivyo kwa adabu, na sisi Waswahili wa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara Waafrika huku Guangdong kwa Wachina, hatukuwahi kumwita jina jingine. Alikuwa mke wa Lao Liang, yaani mzee Liang, dereva wa lori aliyebeba mizigo yetu kutoka viwanda vya jeans vya Xintang hadi maghala ya bandari ya Nansha. Mwaka mmoja tu nilifanya kazi na wale wawili bega kwa bega, nikiwa msichana ambaye hajafika miaka ishirini na tano. Nani alinizaa, na nini kilinitoa Tanga, hayo nayaacha, hayana faida hapa. Ila mwaka ule nikiukumbuka, hadi leo natamani kumzaba mtu kibao, na sijui nianze na nani.

Nilikuwa nimeajiriwa na Baba Hafidh, Mzanzibari mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofani, kimejaa maboksi mpaka dirisha halifunguki, kinanuka gundi na udi, maana Baba Hafidh hesabu zilikuwa haziendi bila kufukiza. Kazi yangu ilikuwa kwenda Xintang kusimamia upakiaji, kisha kupanda lori na mzigo mpaka Nansha. Sasa sikilizeni upuuzi wetu. Wateja wetu Kichina chao kilikuwa cha sokoni tu: laoban, maana yake bosi, punguza, ghali, na mei you, yaani hakuna. Yaliyobaki ni kalkuleta na vidole. Wachina wana vidole vyao vya kuhesabia, sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho, nane unafanya kama bastola, na ukishavijua hivyo unanunua kiwanda kizima bila kufungua mdomo. Kwa hiyo Lao Liang alituenea vizuri kabisa. Ukimwambia neno asipojibu, unasema Kichina changu kibovu, unaongeza sauti. Asipojibu tena, unabadilisha lafudhi. Dada mmoja wa Kariakoo aliingia darasa la Kichina kwa ajili yake, akisema, "Yule mzee hawezi kuendelea kunidharau." Miaka yote hiyo walimwita Mzee Kimya, wakaamini ni kiburi. Na mkewe, aliyekuwa habanduki kwenye kiti cha pembeni, mkono wake uko pajani kwa mumewe safari nzima, wakamcheka. "Ayi ana wivu huyo! Anaogopa tutamwibia babu yake."

Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya viti, kwenye kile kitanda chembamba cha dereva, nimekumbatia karatasi za mzigo. Kutoka pale nikaanza kuona kwamba kile kidole cha Ayi kinachogonga paja la mumewe hakigongi ovyo. Honi ikilia nyuma yetu, anagonga mara moja, na Lao Liang anatazama kioo na kusogea pembeni. Siku moja gari la wagonjwa likaja na king'ora chake, Ayi akagonga mara mbili, lori likapisha. Nikamwita mzee kwa nguvu. Kimya. Nikapiga makofi nyuma ya kisogo chake mpaka viganja vikaniwasha. Kimya. Ayi ndiye aliyegeuka. Akanitazama, akacheka, akagusa sikio la mumewe akaniambia neno lile lile la sokoni: "Mei you." Hakuna. Mtume! Nilitaka kuruka dirishani. Ayi akanieleza polepole, kwa ishara na maneno, kwamba ujanani Lao Liang alifanya kazi kwenye ukumbi wa mashine za kufumia kitambaa cha jeans, na mashine zile ndizo zilizomla masikio. Kule Xintang hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa nusu ya mji wanapayuka. Nilirudi ofisini mbiombio kumwambia Baba Hafidh kwamba dereva wetu ni kiziwi. Akainua macho kutoka kwenye chetezo chake. "Zuhura, wewe umelijua leo? Mimi nalijua siku nyingi. Nilidhani wote mnajua." Haya, na mtu kama huyo utamfanya nini?

Kabla sijazoea, mkwe wa Ayi akajifungua kijijini, na kwa desturi yao mama mkwe lazima aende akamlee mzazi. Asubuhi ya kuondoka akaniita kwenye lori, akamenya balungi moja kubwa, akanigawia vipande kimoja kimoja, na balungi lilipokwisha akapigapiga kiti chake. "Utakaa wewe hapa." Nikasema sikai. Nimguse paja mume wa mtu, mimi binti wa Kiislamu, watu wa Xiaobei wanione? Ayi akacheka mpaka akajifuta machozi. Tukaafikiana bega, na si kwa mkono wangu bali kwa kalkuleta, ambayo hata hivyo ilikuwa haitoki kiganjani. Honi, moja. King'ora, mbili. Ukikandamiza, asimame. Basi nikawa masikio ya Lao Liang. Na mzee yule, ambaye mjini hakuna aliyewahi kumsikia, tulipobaki wawili ndani ya lori alikuwa haishiwi maneno! Alinihutubia juu ya bei ya dizeli, juu ya ujinga wa mwanawe, juu ya namna ninavyokula, kwa sauti ya mtu anayeuza samaki, na kumjibu huwezi. Mchana tulisimama kwenye mkahawa wa tambi wa Waislamu wa kaskazini, kwa ajili yangu, na yeye anakuja na mayai yake ya kuchemsha mfukoni, analipasua moja kwenye meza ya watu na kuniwekea bakulini bila kuuliza. Neno kiziwi hakulitaka. "Sisikii vizuri kidogo," alisema. Kidogo! Mtu ambaye ungempigia tarumbeta shingoni asingegeuka.

Leseni yake ya lori ilikuwa inataka kupimwa afya mwaka ule. Baba Hafidh akanituma niende naye, si kwa huruma, ila kuhakikisha anarudi kwa wakati, maana kulikuwa na kontena linasubiri. Kipimo cha masikio ni cha dakika moja. Daktari anagonga chuma chenye ncha mbili, kinalia, anakusogezea upande mmoja, nawe unasema kulia au kushoto. Vipimo vyote vya nyuma Lao Liang alikuwa anatazama bega la daktari, na bega lilipoinuka alijua upande. Safari hii akakuta daktari kijana, kavaa barakoa mpaka machoni, akamwashiria afumbe macho. Mzee akafumba. Chuma kikalia kulia, hola. Kikalia kushoto, hola. Daktari akakiweka chuma mezani, akaandika, akamwita anayefuata. Na Lao Liang amesimama palepale, macho kayafumba, ana tabasamu dogo kama mwanafunzi mzuri, anangoja kipimo kianze. Watu kwenye foleni wakaanza kutazamana. Hakuna aliyemgusa. Moyo ulinipasuka, na wakati huohuo nilitaka kupiga kelele, sijui kumpigia nani. Nikaenda nikamgonga bega kwa kalkuleta. Akafumbua macho, akasema kwa sauti iliyojaa chumba, "Kulia!"

Kwa hiyo ikawa lori linakwenda na maji. Lilikuwa lake mwenyewe, ndilo lililojenga nyumba, lililomwoza mwanawe na ambalo sasa lingemlea mjukuu, na kazi nyingine mzee hakuijua. Akapewa muda mfupi, kisha leseni ya lori ifutwe. Mchana ule tulikaa kwenye mkahawa wa chini ya ofisi, wali na samaki wa kupaka, na habari ikazunguka meza zote kabla sijamaliza kunawa. Papa Kasongo, mnunuzi wa jeans kutoka Lubumbashi, mtu mzima mwenye suti hata jua likiwaka, akaweka kijiko chini. "Minasema hivi. Kule Amerika mtoto wa kaka yangu iko anaendesha camion, lori kubwa. Mu kampuni yao kuko kiziwi, serikali imemupa karatasi, lile sharti la kusikia wamemusamehe. Anatembeza camion toka bahari mpaka bahari, voilà." Meza ikachangamka. Basi na hapa waombe! Mmoja akasema balozi aandike, mwingine akasema msikiti upige dua, mwingine akasema kanisa litangulie. Baba Hafidh akaniangalia. "Zuhura, kesho umpeleke akaombe huo msamaha." Nikaanza kumpenda Papa Kasongo, wallahi, mpaka aliponyanyua tena kijiko. "Lakini jeans zangu, quand même, mutafute dereva mwingine."

"Papa," nikamwambia, "jeans zako miaka yote zimebebwa na nani?"

"Nilikuwa sijue."

"Na kujua kwako ndiko kumemzidishia uziwi?"

"Mademoiselle, mimi nina container moja tu. Si ya kuchezea."

Na wenzake, wale wale wa dua na balozi, wakachambua miba ya samaki. Kufika alasiri nilikuwa nimepigiwa simu na wateja chungu nzima, kila mmoja anamhurumia sana Lao Liang, na kila mmoja hataki aguse mzigo wake. Yule dada wa Kariakoo alikuwa na hasira kuliko wote, kwa vile alikuwa ameshalipia darasa la Kichina.

Kwenye ofisi ya leseni tulikaa mbele ya kioo. Binti wa dirishani alikuwa mpole, lazima niseme, ila alikuwa na barakoa, na sauti yake inatoka kwenye spika ndogo, kwa hiyo Lao Liang hakuwa na cha kusoma wala cha kusikia. Basi picha yenyewe ndiyo hii: mimi, mgeni kutoka Tanga, Kichina changu kimefunzwa na wapakiaji wa marobota, namtafsiria mzaliwa wa Guangdong maneno ya ofisi ya nchi yake, kwa vidole na kwa kuandika kwenye simu. Na binti anazungumza nami tu, kama vile mzee ni mzigo niliokuja nao. Nikamwambia tunaomba asamehewe sharti la kusikia. Akasema hilo halipo. Nikasema kuna nchi lipo, mtu anatazamwa rekodi yake ya barabarani, na huyu hajawahi kugonga hata kuku. Akasema anaelewa, ila hapa halipo. Mwenye kifaa cha kusikia akifaulu kipimo anaruhusiwa gari dogo. Lori hapana.

"Tuombe dirisha gani ili walifikirie?"

"Hakuna dirisha."

"Kwa nini hakuna?"

"Kwa sababu hakuna kitu cha kuomba."

Nikageuka kumweleza Lao Liang, nikakuta anasinzia. Nilimkandamiza bega kwa kalkuleta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nje nikamwandikia yote. Akasoma, akafuta kioo cha simu yangu kwa shati lake, akanirudishia. "Gari dogo!" akapayuka, njia nzima ikageuka. "Nipakie jeans kwenye gari dogo?" Halafu akaketi kwenye ngazi za ile ofisi na hakutaka kunyanyuka. Nilimbembeleza, nikamfokea kwa Kiswahili, nikamnunulia kiazi kitamu cha kuchoma. Alikula kiazi akiwa amekaa vilevile. Leo mwanangu akiniuliza kwa nini napandisha hasira kila nikiingia ofisi yenye kioo na spika, ni hizo ngazi ninaziona.

Ayi alirudi kabla arobaini ya mjukuu haijatimia, ana hasira za kila namna. Alimgombeza mumewe kwa kufumba macho. "Nani kakwambia ufumbe yote mawili?" Akanigombeza na mimi kwa kumlisha viazi. Akapika mayai na nyanya kwenye sufuria yangu, ile aliyoitenga isiguswe na nyama ya nguruwe, akaniwekea, akaketi kwenye ukingo wa kitanda chao kwenye kile chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda, akasema, "Basi nitaendesha mimi." Lao Liang, ambaye alikuwa anamsoma midomo, akacheka mpaka akapaliwa. Ayi alikuwa hajafika hamsini, umri ulikuwa bado unamruhusu, na chombo pekee alichowahi kuendesha kilikuwa baiskeli ya umeme ya kwendea sokoni. Akaingia shule ya udereva wa malori, peke yake mwanamke katikati ya vijana. Kurudi nyuma kulimtoa jasho. Akifeli, mumewe anamzomea barazani, mtaa mzima unasikia ila yeye. Akiudhika, Ayi anaenda nyuma ya kisogo chake anamtukana matusi ambayo sikuwahi kufundishwa na wapakiaji, kisha anaketi pembeni yake wanakula mbegu za alizeti. Mimi katikati yao nilikonda.

Alifaulu kabla ya Mwaka Mpya wao. Sheria ikaridhika, na hapa ndipo mtu unapotaka kujipiga kichwa ukutani. Mtu ambaye hajawahi kugonga kuku aliwekwa pembeni, na usukani akapewa mwanamke aliyeng'oa geti la kiwanda wiki ya kwanza na kioo cha lori wiki ya pili, na makaratasi yake yote safi, maana masikio yake yalikuwa mazima. Siku ya safari ya kwanza Papa Kasongo alikuja Xintang na suti yake, akatazama ndani ya lori, akatazama tena.

"Ni mama anaendesha? Na jeans zangu?"

"Papa," akasema Baba Hafidh, aliyekuja makusudi kushuhudia, "chagua. Kiziwi, mwanamke, au ujitwike."

Robota la mwisho likapanda. Nikaingia kwenye kitanda changu cha nyuma, na tukaenda Nansha taratibu mpaka pikipiki zikatupita. Lao Liang alikaa kiti cha mkewe, macho kwenye kioo cha upande, mkono pajani kwa mkewe. Ayi akisogelea mno mstari, anamgonga moja. Akitaka apunguze mwendo, mbili. Akikandamiza, Ayi anamwambia amkome. Niliwatazama nikacheka na kulia pamoja. Wateja wakarudi mmoja mmoja, na waliorudi walisema kwamba tangu mwanzo wao hawakuwa na tatizo na Lao Liang. Mimi mwaka uliofuata nilifungua shughuli yangu, na lile lori tukawa tunapishana njiani, Ayi ananipigia honi, Lao Liang hajui, mpaka agongwe ndipo apunge mkono.

Mazishi yalikuwa kijijini kwao, njia nyembamba ya saruji kati ya mabanda ya kushonea. Nilikwenda na mtandio mweupe. Wakanipa peremende ya msiba, nikaishika mkononi nikashindwa kuila. Zumari na matoazi ya shaba yalikuwa yanalia kiasi cha kupasua kichwa, na Lao Liang amesimama katikati ya njia, amezeeka, ametazama mbele kule mashambani, kama anayesubiri watu wamalize kupakia. Ndipo gari la maiti likatoka uani nyuma yake na kupiga honi. Hakusogea. Likapiga tena. Na watu wakaanza, jamani, kumpigia kelele! Mwanawe anamwita, majirani wanamwita, mmoja anabadilisha maneno, mwingine anaongeza sauti, vilevile tulivyofanya sisi, na hakuna hata mmoja anayenyanyua mguu kwenda kumgusa. Nilipasua katikati yao, sikumwomba mtu radhi. Kalkuleta sikuwa nayo. Nikamgonga bega kwa mkono wangu, mara moja.

Hakugeuka kuona ni nani. Alitupa jicho upande wa kushoto, pale ambapo kwenye lori pana kioo, akasogea pembeni taratibu, akampisha Ayi.